GO-Box ya Austria kwa motohomu nzito: mlio mmoja salama, kimya ni hatari

GO-Box ni kiboksi cha kielektroniki cha kulipia tozo ya barabara kuu za Austria kwa magari mazito. Kabla ya kukigusa, toa kadi ya gari uisome vizuri. Kwenye kadi za nchi za Umoja wa Ulaya kuna kipengele F.1: uzito wa juu kabisa ambao chasi ya gari imetengenezwa kuubeba. Chini yake kuna F.2: uzito ambao nchi iliyolisajili gari imeruhusu litembee nao. Kwa gari la kawaida namba hizi mbili hufanana na hakuna anayezijali. Kwenye motohomu, yaani gari lililojengwa kama nyumba ya kusafiria, hizo ndizo zinazoamua kama utavuka Austria kwa stika ya tozo ya kioo cha mbele au kwa GO-Box.

Sababu ni hii. Nyumba hizi za magurudumu mara nyingi hujengwa juu ya chasi ya Fiat Ducato, Mercedes Sprinter au Iveco Daily yenye uwezo wa tani 4 na ushee, kisha mwenye gari huomba uzito ushushwe kwenye karatasi hadi kilo 3,500 ili leseni ya daraja B imtoshe. Gari halijapungua hata msumari. Kilichopungua ni maandishi. Zamani Austria ilitazama uzito ulioruhusiwa, yaani F.2, na mtego huo haukuwapo. Tangu 1 Desemba 2023 inatazama F.1. Motohomu iliyoandikwa 4,250 kwenye F.1 na 3,500 kwenye F.2 ni gari zito machoni pa ASFINAG, kampuni ya serikali inayosimamia barabara kuu za nchi hiyo. Magari yaliyosajiliwa kabla ya mabadiliko yalipewa kipindi cha mpito, ila kina masharti yake. Mwenye gari la namna hiyo aiandikie ASFINAG kabla ya safari, aambatishe picha ya kadi, na jibu alibebe garini likiwa limechapishwa.

Kama F.1 yako ni kilo 3,500 kamili au chini ya hapo, GO-Box haikuhusu. Nunua stika ya tozo, hata ya kidijitali, uendelee na safari. Hata ukivuta trela, uzito wa trela hauingizwi kwenye hesabu hiyo. Wengi hujumlisha gari na trela, wakapata tani 5, wakakimbilia kununua kifaa wasichokihitaji.

Kilo moja ikizidi, hadithi inabadilika. Stika haikusaidii tena kwa lolote, hata ukibandika tatu.

Inavyofanya kazi

Aliyezoea Daraja la Kigamboni au Nairobi Expressway anajua utaratibu: unafika kwenye kizuizi, unalipa, kizuizi kinainuka. Kupita na deni haiwezekani. Austria, kwa gari zito, hakuna kizuizi cha kukusimamisha. Tangu 1 Januari 2004 barabara kuu zote zina fremu za chuma zinazovuka juu ya njia. Fremu huzungumza na kiboksi kilichobandikwa kwenye kioo chako kwa mawimbi ya redio ya masafa mafupi, hela inakatwa, kiboksi kinalia, nawe hujagusa breki. Tozo huhesabiwa kwa kipande: kati ya njia moja ya kutokea barabara kuu na inayofuata kuna fremu yake. Usipokatwa, hutazuiwa. Utapigwa picha, na barua itakufuata nyumbani.

Hapo ndipo uzuri na ubaya wa huduma hii unapokaa. Foleni hakuna, sarafu hakuna, kioo hakifunguliwi kwenye baridi. Lakini wajibu wote wa kuhakikisha umelipa uko kwa dereva, na chombo pekee alichopewa kutimizia wajibu huo ni sikio.

Kuinunua

GO-Box huuzwa kwenye vituo vya mafuta vyenye alama ya GO, ndani ya Austria kando ya barabara kuu, na pia upande wa pili wa mipaka kwenye nchi jirani. Kanuni ni moja: inunue kabla ya mita ya kwanza ya barabara yenye tozo. Anayetoka München kwenda Verona asimame upande wa Ujerumani kabla ya Kiefersfelden, kwa sababu akishavuka mpaka anaingia moja kwa moja kwenye A12 na fremu zinaanza. Ujerumani yenyewe haikudai kitu. Tozo yake ya malori ni ya magari ya mizigo, na motohomu haimo.

Kuna mtego mdogo hapa. Tangu mwishoni mwa 2019 vipande vichache vya mpakani, kama A12 kutoka mpakani hadi Kufstein Süd na A1 kutoka Walserberg hadi Salzburg Nord, havihitaji stika. Msamaha huo ni wa magari mepesi peke yake. Dereva wa motohomu ya tani 4.5 anayesoma kwenye mtandao kwamba "mpaka Kufstein ni bure" anasoma habari isiyo yake.

Kaunta yenyewe huchukua dakika kumi hadi ishirini, kutegemea kama aliye zamu ameshawahi kuhudumia motohomu. Wengi wamezoea malori ya kampuni na kadi zake za mafuta. Atakuuliza mambo matano: nchi ya usajili, namba ya gari, idadi ya ekseli, daraja la moshi, na njia ya malipo. Kifaa kina ada ya euro 5, ambayo hairudishwi.

Swali la daraja la moshi ndilo linalokula pesa. Tozo hupangwa kwa viwango vya Ulaya vya moshi: EURO VI, kisha V, IV, halafu kapu moja la wazee wote, kuanzia EURO 0 hadi III. Usipoonyesha ushahidi, unatupwa kwenye kapu la wazee, unalipa bei ya juu kabisa, hata kama gari lako lina tangi la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli, na limetoka kiwandani mwaka juzi. Ushahidi huwa kwenye kadi ya gari, kipengele V.9, au kwenye kadi ya Kijerumani kipengele 14. Kadi isiyo na taarifa hiyo, na zipo, inahitaji cheti cha ulinganifu cha mtengenezaji, kile kinachoitwa COC. Beba karatasi halisi. Picha kwenye simu huweza kukataliwa kaunta, na usiku wa manane kwenye kituo cha mafuta si mahali pa kubishania sheria.

Halafu soma risiti kabla hujatoka mlangoni. Namba ya gari iliyokosewa herufi moja, au herufi O iliyoingizwa kama sifuri, inatosha kukufanya uonekane hujalipa: kiboksi kitalia vizuri safari nzima, lakini kamera itasoma namba ambayo mfumo hauitambui. Kosa la karani linarekebishika palepale kaunta kwa dakika mbili. Likigunduliwa mwezi mmoja baadaye ni barua, maelezo, nakala na kusubiri.

Salio au bili

Malipo ni ya aina mbili. Ya kwanza, Pre-Pay, ni kama vocha ya simu: unaweka salio, linakatwa kila unapopita fremu, likipungua unaongeza. Salio haliwezi kuzidi euro 500. Unaweza kulipa taslimu au kwa kadi, na huhitaji kujisajili popote. Ya pili, Post-Pay, inakutaka ufungue akaunti kwanza, uunganishe kadi ya benki au ya mafuta, kisha bili inakuja baadaye.

Kwa anayepita mara moja kwenda Kroatia na kurudi, Pre-Pay inatosha. Kwa anayeingia Austria mara tatu nne kwa mwaka, Post-Pay ni bora zaidi, na sababu si urahisi tu. Salio likiisha katikati ya handaki hakuna wa kukuonya kwa maneno. Kifaa kinalia milio minne na tayari umepita bila kulipa. Kwenye Post-Pay kosa hilo moja haliwezi kutokea, mradi kadi iliyounganishwa bado iko hai. Kadi ikifikia tarehe yake ya mwisho na wewe hujasasisha akaunti, umerudi palepale kwenye milio minne.

Bei zenyewe hubadilishwa kila 1 Januari, kwa hiyo tazama jedwali la mwaka husika au tumia kikokotoo cha njia kwenye tovuti ya ASFINAG. Jedwali huandikwa bila kodi ya ongezeko la thamani. Ongeza asilimia 20. Kwa kukadiria tu: motohomu ya ekseli mbili yenye EURO VI hulipa zaidi ya senti 20 kwa kilomita kabla ya kodi. A10 kutoka Salzburg hadi Villach ni kama kilomita 190, kwa hiyo hata kabla ya nyongeza ya mahandaki unaangalia euro 45 na kuendelea. Mwenye gari jepesi anapita njia hiyo hiyo kwa stika ya siku chache na ada moja ya kibandani. Tofauti inauma, na kwa watu wawili wanaosafiri na masufuria na baiskeli ni vigumu kuona kwa nini wanawekwa kundi moja na lori la saruji. Ila sheria inapima chasi, haipimi shughuli.

Vipo vipande vyenye bei yake maalumu: A13 ya Brenner, A10 ya Tauern, A9 kwenye mahandaki ya Bosruck na Gleinalm, S16 ya Arlberg, na A11 ya Karawanken. Kwa mwenye GO-Box vyote hivyo hukatwa na kifaa kile kile, hakuna tiketi ya ziada. Pale Schönberg kwenye A13 utaona vibanda na foleni ya magari madogo. Usijipange nao, fuata alama za malori na GO, upite.

Kuibandika

Kifaa hukaa kwenye kioo cha mbele, katikati, sehemu ya chini, mahali ambapo waipa ikilala haikifuniki na kitufe kinamtazama dereva. Safisha kioo kwa spiriti, kausha, kisha bandika kwa vibandiko vilivyokuja nacho na ukandamize. Kwenye baridi gundi haishiki; washa hita ya kioo dakika chache kwanza.

Motohomu ina matatizo yake ambayo lori halina. Zile zenye kioo kipana cha kufika hadi sakafuni, ambazo dereva anakaa mita nzima nyuma ya kioo, humlazimisha dereva aombe abiria amsomee taa za kiboksi. Vioo vyenye tabaka la chuma la kuzuia joto au nyaya za kuyeyusha barafu hukata mawimbi. Vioo vya namna hiyo huachwa na dirisha dogo lisilo na chuma, kwa kawaida juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma, alama yake ikiwa vidoti vyeusi, na kitabu cha gari husema liko wapi. Halafu kuna mkeka wa alumini wa kuzuia baridi usiku. Kila ukiuondoa asubuhi unaweza kung'oa kiboksi bila kujua, kikaangukia nyuma ya dashibodi. Ukirudisha mkeka, kagua kiboksi. Ukiutoa, kagua tena.

Usikiweke kwenye dashibodi, usikishike mkononi, usikibandike nyuma ya kifaa cha ramani. Wenye vifaa vya nchi nyingine pia, Telepass ya Italia au DarsGo ya Slovenia, waviache mbalimbali kwenye kioo. Kimoja juu ya kingine ni mwaliko wa kimya.

Milio

Hii ndiyo sehemu ya kukariri, na kila atakayekaa kiti cha mbele aijue.

Mlio mmoja mfupi: umelipa. Milio miwili: umelipa, lakini kuna jambo, kwenye Pre-Pay maana yake salio limeshuka chini ya euro 30. Milio minne: hujalipa, ama salio limekwisha, ama kifaa kimefungiwa, ama kina hitilafu. Kimya: hujalipa, na hata kifaa chenyewe hakijui kwamba umepita chini ya fremu.

Kimya ndicho kibaya zaidi kwa sababu hakina kinachokushtua. Redio ikiwa juu, watoto wakiimba nyuma, vyombo vikigongana kabatini, mlio mmoja hausikiki na kutokuwapo kwake pia hakusikiki. Fremu ikionekana mbele, punguza redio. Baada ya fremu tatu nne utakuwa umeshika mdundo wake: fremu, mlio, fremu, mlio. Usiposikia kwenye moja, sikiliza kwa makini inayofuata. Ukikosa mbili mfululizo, kitilie shaka kifaa: bonyeza kitufe mara moja kwa muda mfupi uone taa. Kijani na namba sahihi ya ekseli ni dalili njema. Nyekundu, au hakuna taa kabisa, usiendelee na matumaini.

Nenda kituo cha GO kinachofuata, siyo kile cha mwisho kabla ya mpaka. Kuna ruhusa ya kulipia vipande vilivyokosa kukatwa, lakini ruhusa hiyo ina kikomo cha muda na umbali, na saa inaanza kuhesabu pale fremu ya kwanza ilipokosa. Karani atakipima kifaa, ataona ni fremu zipi zimepitwa, utalipa tofauti na kupewa risiti. Weka risiti hiyo hata mwaka mzima. Kama betri imechoka, na imefungwa ndani huwezi kuibadilisha mwenyewe, utapewa kiboksi kingine.

Ukifika nyumbani, ingia kwenye SelfCare, akaunti ya mtandaoni ya ASFINAG, utazame orodha ya vipande vilivyokatwa. Ni kazi ya dakika tano, na ni afadhali kugundua pengo wewe kuliko kuambiwa nalo.

Ekseli: kitufe kinachosahaulika

Kiboksi hakijui kama umefunga trela. Ni wewe unayekiambia, kwa kushikilia kitufe sekunde chache hadi taa ihamie namba inayofuata: 2, 3, au 4 na zaidi. Hesabu ekseli zote zinazogusa barabara, za gari na za trela. Motohomu ya ekseli mbili peke yake ni 2. Ikivuta trela ya pikipiki yenye ekseli moja, ni 3. Ikivuta gari dogo juu ya trela ya ekseli mbili, ni 4. Motohomu kubwa yenye ekseli mbili nyuma ni 3 hata bila trela. Magurudumu mawili mawili ya nyuma kwenye ekseli moja, kama ya Iveco Daily, bado ni ekseli moja. Hapo karani mgeni wa kazi naye hukosea, hivyo onyesha kipengele L kwenye kadi, ambacho hutaja idadi ya ekseli.

Kifaa huwekewa idadi ya msingi siku ya kununua, na huwezi kushuka chini yake kwa kitufe. Ndiyo maana ukinunua ukiwa na trela, sema wazi kwamba msingi ni gari bila trela. La sivyo utalipa ekseli tatu hata siku trela imebaki kambini. Na kinyume chake ndicho kinacholeta faini: mtu ameacha trela kambini wiki nzima, amerudisha kitufe kwenye 2, siku ya kuondoka amefunga trela, amekagua taa za nyuma na mnyororo, kitufe amekisahau. Weka kukibonyeza kwenye orodha ile ile ya kukagua gesi, kufunga madirisha na kuinua ngazi.

Wenye ekseli nne wajue pia kwamba kwenye A13 ya Brenner bei yao huongezeka maradufu kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Anayepita usiku kukwepa foleni ya mchana anailipia hiyo raha.

Ukikosea

Adhabu ya kwanza huitwa Ersatzmaut, tozo mbadala ya kiwango kimoja, kubwa kuliko tozo uliyokosa lakini ndogo kuliko kesi. Huletwa na maafisa wa ASFINAG barabarani, ambao wana mamlaka ya kulisimamisha gari, au kwa barua. Ukiilipa ndani ya muda uliotajwa, jambo limekwisha. Usipolipa, linahamia kwa mamlaka ya wilaya, na huko sheria inataja faini ya euro 300 hadi 3,000. Barua hizo si za kutupa kwenye droo kwa kuwa zimeandikwa kwa Kijerumani na wewe unaishi Uholanzi. Madai hufuata namba ya gari hadi nchi nyingine. Kwenye motohomu ya kukodi huenda kwa mwenye gari, naye hukutumia akiwa ameshaongeza ada yake ya karani. Kwa hiyo unapokodi, uliza maswali mawili kabla ya kutia saini: F.1 ni ngapi, na kiboksi kilichoko kwenye kioo kimesajiliwa kwa namba hii hii au kilihamishwa kutoka gari jingine? Kiboksi hakihamishwi. Ni cha gari moja, namba moja.

Wapo wanaosema: basi nitapita barabara za kawaida. Inawezekana, kwa kuwa tozo hii ni ya barabara kuu tu. Lakini Tyrol, wikiendi za msimu wa likizo, hufunga barabara nyingi za pembeni kwa wanaopita njia, na baadhi ya barabara za milimani zina marufuku ya magari ya zaidi ya tani 3.5 au ya trela. Saa tatu za kona na dizeli huweza kumeza ulichookoa.

Majirani wanafanyaje

Uswisi ni funzo kwa ASFINAG. Motohomu ya zaidi ya tani 3.5 hulipa ada ya siku kupitia programu ya Via: faranga 3.25 kwa siku, malipo yakianzia faranga 25. Zipo pia siku 10 za kuchagua mwenyewe ndani ya mwaka kwa 32.50, mwezi kwa 58.50, na mwaka kwa 650. Unaingiza namba ya gari na tarehe, unalipa kwa kadi, basi. Kiboksi hakuna, ekseli hakuna, daraja la moshi hakuna. Ila lipa kabla ya kuvuka mpaka, na kumbuka ada hiyo ni ya barabara zote za umma, siyo za mwendo kasi tu, hivyo hakuna cha kukwepa.

Slovenia ina DarsGo, ndugu wa GO-Box, kifaa cha euro 10 chenye mantiki ile ile. Anayetoka Villach kwenda Ljubljana anahitaji vyote viwili. Italia haijali uzito: inahesabu ekseli, na kwa ekseli mbili inatazama kimo cha gari kwenye ekseli ya mbele, kikizidi mita 1.30 uko daraja B la tozo, na motohomu za ekseli mbili ziko huko. Unachukua tiketi, unalipa unapotoka. Ufaransa inaweka motohomu ya zaidi ya tani 3.5 yenye ekseli mbili kwenye daraja la 3, na kero yake ni kwamba vifaa vya kielektroniki vinavyouzwa kwa magari ya familia vingi huishia daraja la 2. Wenye magari mazito hulipa kwa kadi kibandani. A13 na A14 kutoka Paris kwenda Normandie zimeondoa vibanda kabisa. Huko unalipa kwenye tovuti ndani ya saa 72.

Vipo viboksi vya pamoja vya Ulaya, vya mpango wa EETS, vinavyofanya kazi nchi nyingi kwa bili moja. Vimetengenezwa kwa kampuni za malori, na nyingi hazitaki mteja mwenye gari moja la likizo, au humtoza ada ya mwezi hata gari likiwa limelala. Kwa anayeishi barabarani miezi sita kwa mwaka vina maana. Kwa wiki tatu za Agosti, havina.

Alama

Teknolojia ya fremu na kiboksi: nyota nne kati ya tano. Inakata kwa usahihi, haichagui hali ya hewa, na iliyobandikwa vizuri haina usumbufu. Ununuzi: nyota mbili. Haielekei kwamba mtu wa likizo alazimike kusimama kaunta ya kituo cha mafuta na vyeti vya kiwandani ili asihesabiwe kama lori la 1998. Uwazi wa bei: tatu, kwa sababu kikokotoo ni kizuri lakini jedwali lisilo na kodi linamhadaa mgeni. Mawasiliano na dereva: moja na nusu. Kifaa kinachoweza kukuletea faini ya mamia ya euro kingestahili angalau kioo kidogo cha kusomeka, kisiwe cha kubahatisha milio.

Ukimaliza safari na huna mpango wa kurudi, usiondoke nacho. Simama kituo cha GO cha mwisho kabla ya mpaka, kabidhi kiboksi, na salio la Pre-Pay lililobaki utarudishiwa; ile ada ya euro 5 ndiyo imekwenda. Omba risiti ya kukirudisha, yenye saa. Kisha angalia ramani kama kati ya kaunta hiyo na mpaka kuna fremu iliyobaki. Ikiwapo, kituo hicho siyo cha mwisho kwako: kirudishe upande wa pili.